Mkate Uliotiwa Rangi

Funga mlango, binti yangu, halafu njoo ukae upande huu wa kulia, kwa sababu jicho la kushoto limeshaniaga. Na wewe kitinda mimba wangu, zima hiyo simu, abiria wako watapata teksi nyingine leo. Na wewe mwanangu mkubwa, usisimame hapo mlangoni kama mtu aliyekuja kudai, vuta kiti ukae na wenzako, maana ninayotaka kuyasema yanawahusu wote watatu, ila wewe yanakuhusu zaidi. Nitasema mfululizo, kwa kuwa nikipumzika sijui kama nitapata nguvu ya kuanza tena. Mwenye neno alishike mpaka nimalize, na mwenye kilio akiweke kwa siku ambayo sitaweza kukisikia.

Baba yenu alipoondoka duniani alituachia nyumba hii, lile tanuri la matofali kule uani, na watoto watatu ambao mdogo wao alikuwa bado hajaota meno. Watu walinishauri niuze, nirudi kwa ndugu zangu. Sikuuza. Nilijifunga kibwebwe nikakanda unga, na mkate mweupe ndio uliowasomesha, ndio uliowavisha, ndio uliolipa fundi akakuwekea cherehani yako ya kwanza, binti yangu. Haya makovu ya mikono ni ya mlango wa tanuri. Sikuwahi kuyalalamikia na leo silalamiki. Nayataja ili mjue kwamba mkate kwangu haukuwa biashara tu. Ulikuwa jina langu. Mtaa mzima wananiita Mama Mkate, na wengi hawajui kama nina jina lingine.

Ugonjwa huu ulikuja kimyakimya. Nilianza kwa kiu isiyokatika kwa maji, nikawa mtu wa kwenda chooni kila mara, macho yakawa kama yamefunikwa na mvuke, na binti hapa akanikokota mpaka hospitali. Huko nikapelekwa kwa mtaalamu wa lishe, msichana mpole ambaye angeweza kuwa mjukuu wangu. Nilimwambia kwa majivuno kwamba sukari nimeshaiacha, hata chai nakunywa hivyo hivyo bila kitu. Akaniuliza asubuhi nimekula nini. Nikasema mkate wangu mweupe, mtupu, sikupaka chochote. Akatabasamu, akaniambia, "Mama, basi umekula sukari. Ila haikuwa tamu."

Sikulala vizuri kwa maneno hayo. Sasa nyinyi yashikeni, maana ugonjwa huu hupenda kutembea katika ukoo, na huu ni urithi wenu kama vile tanuri lilivyo urithi. Yule mtaalamu alinieleza kwamba wanga wote, wa mkate, wa wali, wa viazi, wa uji, ni sukari iliyotungwa pamoja kama shanga kwenye uzi. Kazi ya tumbo ni kukata uzi, na shanga zikishaachana zinaingia kwenye damu. Tofauti ni mwendo. Unga mweupe umeshavuliwa kila kitu, ganda limetolewa, kiini kimetolewa, umesagwa mpaka umekuwa kama poda ya mtoto, kwa hiyo tumbo halina la kufanya, shanga zinamwagika zote kwa mpigo. Mwili wa mtu mwenye afya unakimbilia kuziokota, lakini mwili wangu mimi mikono yake imelegea. Ila punje iliyobaki na ganda lake, au dengu, au maharage, tumbo linahangaika nayo, na sukari inaingia taratibu, mwili unapata nafasi ya kuipokea. Hiyo ndiyo siri yenyewe, haina uchawi.

Akanifundisha na mengine. Kwamba chungwa ulitafune, usilikamue, kwa sababu ukilikamua umetupa kile kilichokuwa kinaishika sukari mkono. Kwamba wali uliopikwa ukalainika kama uji hukimbia kuliko wali ambao punje yake bado imekaza. Kwamba ndizi iliyoiva sana ina haraka kuliko ile ambayo haijaiva sana. Kwamba nianze na mboga za majani, niweke na maharage au samaki, wanga uwe robo tu ya sahani, nao usije peke yake. Na akanionya tena na tena kwamba chakula cha polepole nacho kina mwisho wake; ukijaza sahani mbili, umepoteza faida yote. Kisha akasema neno ambalo nataka ulisikie vizuri, mwanangu mkubwa. Alisema mkate usiangaliwe rangi. Uangaliwe punje.

Nilirudi nyumbani nikaanza upya, mzee mzima, kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Nilichukua ngano nikaivunjavunja tu, nikailoweka mpaka ikalainika, nikaichanganya na unga usiokobolewa uliosagwa ukabaki na chengachenga, na badala ya hamira ya haraka nikatumia chachu yangu mwenyewe, ile inayoumua kwa nafasi yake. Mikate ya kwanza mlinicheka nayo. Kitinda mimba alisema mkate ule unaweza kuwekwa chini ya tairi la gari lisirudi nyuma. Nami nilicheka. Lakini nilipojitoboa kidole nikapima kwenye kile kimashine, sukari ilikuwa imepanda taratibu kama mzee anayepanda ngazi, ikashuka vivyo hivyo. Nikarudia, ikawa hivyo hivyo. Nilikaa jikoni nikalia kwa furaha, peke yangu. Nilikuwa nimefikiri ugonjwa umeninyang'anya mkate, kumbe nilikuwa nimeupata upya.

Wenye sukari wakaanza kuja. Mtaalamu wa lishe mwenyewe akawa anawaelekeza kwangu. Alikuja mwanamke wa duka la vitambaa, alikuja yule fundi wa kupaka rangi mwenye kikohozi, na alikuja Mwalimu Mstaafu wa mtaa wa nyuma, aliyewafundisha nyote watatu kusoma, akawa kila asubuhi anapita kuchukua mkate wake, akiunusa kabla hajaulipia, na kuniambia, "Mama Mkate, umenirudishia kifungua kinywa." Sijawahi kusifiwa neno lililonikaa kama hilo.

Kisha kidonda cha mguu kikaanza. Sikuweza tena kusimama mbele ya tanuri. Nikakuita wewe, mwanangu mkubwa, nikakukabidhi tanuri na duka letu la mkate. Unakumbuka tulisimama wapi, karibu na pipa la kulowekea. Nilikuonyesha ngano inavyotakiwa kujisikia kwenye vidole, nikakuonyesha chachu inavyonuka ikiwa imefika. Ulinishika bega ukasema, "Mama, tulia. Mkate wako uko mikononi mwangu." Nikatulia. Hilo ndilo nililofanya, wanangu. Nilimwamini mtoto wangu.

Nipe maji kidogo. Basi, yanatosha.

Ilipita muda, sukari yangu ikaanza kupanda. Mtaalamu wa lishe akanihoji, nikamweleza kila nilichokula, neno kwa neno, na haikueleweka. Wakaongeza sindano. Ikapanda tena, wakaongeza tena. Daktari akaanza kunitazama kwa lile jicho wanalomtazama mgonjwa anayedanganya. Na nyumbani nako, wewe mwanangu mkubwa uliwakusanya wenzako pale sebuleni, ukawaambia kwa sauti ya huruma kwamba Mama ni mtu mzima, wazee wana tamaa kama watoto, lazima kuna vitu vitamu anavificha. Mkaingia humu chumbani mwangu. Wewe ndiwe uliyeinua mto wangu. Wewe ndiwe uliyefungua sanduku la nguo zangu, ukatoa hata nguo ambazo mtoto wa kiume hapaswi kuzishika za mama yake. Na kwenye mfuko wa koti kuukuu la baba yenu ukakuta peremende moja ya kikohozi, imegandamana na karatasi lake, ya enzi zake mwenyewe, ukaiinua juu ya kichwa kama polisi aliyekamata ushahidi.

Ukasema, "Mama, unatuua."

Binti yangu, wewe ulitazama sakafu. Kitinda mimba, wewe ulitoka nje. Sikuwalaumu sana, mlikuwa mmeamini mlichoonyeshwa. Lakini nilikaa juu ya kitanda hiki nikiwa na nguo zangu zimetapakaa miguuni, nikaanza kujishuku. Nikafikiri labda ninakula nikiwa usingizini. Niliomba mlango wa jikoni ufungwe kwa ufunguo, mimi mwenyewe, ili nijilinde na mimi. Mtu akikufikisha mahali ukaogopa mikono yako mwenyewe, amekufanyia jambo kubwa.

Mnaweza kuniuliza, wewe mwokaji wa miaka yote hiyo, hukuujua mkate? Niliujua na sikuujua. Macho yalikuwa yameshafifia. Dawa zilikuwa zimeniharibu ulimi, kila kitu kilikuwa na ladha ya sarafu. Juu ya ganda punje zilikuwepo, nilizipapasa kwa kidole. Nilipouliza mbona umekuwa laini hivi, mwanangu alisema siku hizi wanailoweka ngano zaidi kwa ajili ya meno yangu. Kwa ajili ya meno yangu. Nilimshukuru. Nilimwombea dua kwa hilo.

Lakini mwili una akili yake. Asubuhi moja nilikula maharage na mboga tu, nikapima, sukari imetulia. Kesho yake nikala ule mkate peke yake, nikapima, ikaruka kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Nikasema labda mashine imeharibika. Nikarudia. Ikaruka tena. Hapo niliuvunja mkate katikati, nikauchimba ndani kwa vidole nikitafuta punje. Hakukuwa na punje hata moja. Zilikuwa zimenyunyizwa juu tu, kama mapambo.

Nilimpigia simu kitinda mimba, nikamwambia njoo na teksi, unipeleke hospitali. Njiani ndipo nikamwambia geuza, twende dukani kwetu, kule kaka yako anakokandia unga. Akageuza gari. Alinibeba mgongoni, maana mguu mmoja ulikuwa umeshakatwa, akanipitisha mlango wa nyuma, na kabla hajaniweka chini pua yangu ilikuwa imeshajua. Ilikuwa harufu ya sukari inayoungua. Kwenye jiko kulikuwa na sufuria, na ndani yake sukari imeyeyuka, imekuwa nyeusi, inatoa povu, na mwanangu mkubwa, kwa mkono wake, alikuwa anaimimina kwenye unga mweupe peee, kinyunga kikawa kinageuka kahawia mbele ya macho yangu haya mabovu.

Nilikuuliza, "Hii ni nini?"

Ukasema, "Rangi tu, Mama."

Nikauliza ngano iko wapi. Ukasema ngano ya kuvunja imekuwa ghali, kinu kinasumbua, mkate mzito ulikuwa unabaki kwenye rafu, watu wanataka kuona kahawia lakini hawataki kutafuna kahawia. Ulisema sukari yenyewe ni kidogo, ikishaungua utamu wake karibu wote umekwisha. Ukasema unga ni unga. Ulisema mengi na yote yalikuwa na mpangilio, kama mtu aliyekuwa ameshajiandalia majibu. Nami nikakuuliza swali moja tu, "Na mimi?" Ukatazama sufuria.

Sasa nataka niwe mwenye haki, kwa sababu ninakwenda mahali ambapo sitaki kufika na uongo mdomoni. Sisemi mkate wako ndio ulionikata mguu. Daktari alisema ugonjwa ulikuwa umeshajenga nyumba ndani yangu kabla hatujaujua, na figo zangu huenda zingechoka hata ningekula majani matupu. Pengine ulinipunguzia siku, pengine hukupunguza kitu. Hilo analijua Mungu. Na tamaa ya faida naielewa, nimekaa kwenye biashara maisha yangu yote, najua mkate unaobaki kwenye rafu unavyouma. Ungekuja ukaniambia, Mama, mkate huu hauuziki, tungekaa tukauacha, tukarudi kwenye mweupe kwa jina lake mweupe. Nisingekukasirikia.

Kinachoniuma ni ule mto, mwanangu. Uliinua mto wangu ukitafuta sukari, na wewe ndiwe uliyeniletea kwenye sahani, kila asubuhi, imekatwa vipande, na kitambaa safi juu yake. Ulijua. Ulisimama katikati ya chumba hiki ukijua, ukawaacha wenzako waamini kwamba mama yao ni mwizi wa peremende. Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa mpaka nikakuombea dua. Nimejaribu kulipitisha hili kooni na halipiti.

Na si mimi peke yangu. Nilipokatwa mguu, Mwalimu Mstaafu alikuja kuniona wodini. Alikuwa anashika ukuta kwa sababu macho yake yamefifia, gazeti hawezi tena kulisoma, anasomewa na mkewe. Aliniletea zawadi imefungwa kwenye karatasi. Ilikuwa nusu ya mkate, ule ule. Alisema hakuona zawadi bora ya kumpa mwenye mkate. Kisha akaniambia kwa aibu kwamba sukari yake inamshinda, na mkewe amemfungia kabati, na yeye mwenyewe sasa anajiona ni mtu asiye na adabu ya tumbo. Nilikuwa sijaujua ukweli bado. Nilimshika mkono nikamwambia hata mimi wamenifungia. Tukacheka, wazee wawili, kila mmoja akijilaumu kwa kosa ambalo si lake.

Basi sikilizeni ninavyogawa. Nyumba hii ni yenu nyote watatu, na asiwepo wa kumtoa mwenzake. Mwanangu mkubwa, chumba chako kipo, sikufukuzi, mimi si mtu wa kumfukuza mtoto wake. Ule ugomvi wangu na baba yenu mdogo juu ya ukuta wa uani, nao uishe leo. Ukuta ubaki alipoujenga, na mmwambie kwamba umejengwa vibaya lakini nimemwachia. Vyombo vyangu vya chumbani avigawe binti. Koti la baba yenu achukue kitinda mimba, ana baridi ya kuamka alfajiri.

Tanuri na duka, na jina la Mama Mkate, nampa binti yangu. Najua una cherehani zako. Hutalazimika kuoka kwa mkono wako, tafuta mwokaji, lakini mkono wako uingie kwenye pipa la kulowekea kila siku, uzisikie punje. Mkate wa punje ukishindwa kuuzika, uache. Uza mweupe, na atakayeuliza mwambie huu ni mweupe, mwenye sukari ale kipande kimoja na maharage au asile kabisa. Sitaki kitu chochote kwenye rafu ile kinachojifanya kitu kingine.

Na wewe, mwanangu mkubwa, kifungua mimba wangu. Wewe ndiwe uliyenifanya niitwe mama kabla sijaitwa mkate. Huna haja ya kuninong'oneza samahani, ulishaninong'oneza jana ukidhani nimelala. Nilikuwa macho. Ile ilikuwa samahani ya gizani, na mimi ulinivua nguo mchana, mbele ya watu. Utakwenda kwa kila mwenye sukari aliyekula mkate ule, na utamwambia kwa mdomo wako kilichokuwa ndani. Si kwa kumtuma mtu. Utaanza na Mwalimu Mstaafu. Utamwambia na mkewe awepo, ili asikie kwamba mumewe hakuwa mwongo. Akikutukana, utasimama. Akinyamaza, hilo litakuwa zito zaidi, na utasimama vilevile. Na arudi kwa daktari wake, apimwe upya, maana sindano anazochoma zilipimwa kwa mkate wako, na akiuacha bila daktari kujua, sukari inaweza kumshuka akaanguka.

Kitinda mimba, sogea. Baraka yangu iwe barabarani mbele ya gari lako na nyuma yake. Binti yangu, lete kichwa. Ulitazama sakafu siku ile, lakini ndiwe uliyenikokota hospitali siku ya kwanza, na ndiwe unayenigeuza kitandani. Mungu akupe watu watakaokugeuza wewe. Mikono yako isikose kazi.

Wewe mkubwa, sina... ngoja nivute pumzi. Baraka yako ninayo, sijaichoma. Lakini leo nikikuwekea mkono kichwani nitakuwa nimekudanganya, na udanganyifu umetosha katika nyumba hii. Siku utakayotoka mlangoni kwa Mwalimu ukiwa umesema, hapo ndipo itakapokushukia, niwe nipo au nisiwepo. Sitaki unijibu.

Nani amesukuma kiti? Ni yeye? Mwacheni. Usimfuate, binti, mwache aende kwa miguu yake. Wewe nenda dirishani tu, unitazamie. Amesimama? Amesimama langoni. Analia... Mwache. Asubuhi hizi Mwalimu anakaa barazani, atamkuta. Ameelekea wapi sasa? Kushoto ni dukani, kulia ni kwa Mwalimu. Kulia, unasema. Una hakika ni kulia?

Haya.

Sijasema nimesahau. Andikeni moyoni kwamba sijasema hivyo. Nimesema tu... kulia ni vizuri. Nishusheni mto kidogo. Hivyo. Na mlango uacheni wazi, asije akagonga akirudi.